Wagonjwa Saba wa Siku ya Ukaguzi

Saa moja na robo asubuhi mwalimu wa Kiingereza alikuwa amepiga magoti darasani, anagongomea mguu wa dawati kwa kisigino cha kiatu chake, maana nyundo ya shule hutolewa kwa barua. Watoto arobaini na mmoja walimtazama. Walimwita Mwalimu Mgeni, ingawa huu ulikuwa mwaka wake wa tatu katika nchi ile. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye jembe alipewa siku aliyoshuka na begi, madarasa manne kwa mkupuo, na ugeni hawakumwondolea.

Karani wa shule, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alichungulia mlangoni.

"Mwanangu, mkaguzi anakuja leo, saa nne."

"Si walisema wiki ijayo, mama?"

"Walisema. Nenda, mkuu anakuita."

Mkuu wa shule alikuwa na barua ya kumdhamini mwalimu mezani, imepigwa chapa vizuri, haina saini. Kibali cha mwalimu cha kuishi nchini kilikuwa kinakwisha kesho, Ijumaa. Bila barua ile, ofisi ya wageni haipokei fomu. Bila kibali hakuna kazi, na mwenye nyumba alishasema kwamba hapangishi mtu asiye na karatasi.

"Ukaguzi ukiisha salama, natia saini," mkuu alisema. "Majibu wameyashika?"

"Wameyashika."

"Na wale saba?"

Siku ya ukaguzi kila darasa lilikuwa na wagonjwa wake. Watoto walioshindwa kukariri walipelekwa chumba cha huduma ya kwanza, wakalazwa wawili wawili na viatu vyao mpaka gari la mkaguzi liondoke. Waliobaki, kila mmoja alikuwa na jibu lake moja alilolikariri wiki nzima. Mwaka jana mwalimu aliwapeleka saba wake mwenyewe, akawafunika shuka. Aliona aibu siku ile, na aibu hiyo ilikuwa bado haijamtoka.

"Mkuu, hawa watoto hawaumwi."

"Wanaumwa. Karani ameshawaandika. Usinitafutie balaa."

Aliporudi darasani, kabla hajafungua mdomo, msichana mmoja wa dirishani alikuwa amesimama, daftari kwapani. Wenzake walimwita Kufuli, kwa kuwa hazungumzi.

"Unakwenda wapi?"

"Kulala, mwalimu. Si mkaguzi anakuja?"

Alisema vile mtu anavyosema anakwenda kunywa maji. Wengine sita walikuwa wanakusanya vitu vyao. Mwalimu akamfikiria mama yake, anayewaringia majirani kwamba mwanawe anasomesha ughaibuni. Akaifikiria saini. Tusimpe ushujaa asiokuwa nao: sauti ilitoka nyembamba.

"Kaeni chini. Humu hakuna mgonjwa."

Mkaguzi alikuwa mzee mnene mwenye mafua. Badala ya kukaa kwenye kiti alichowekewa mbele, alikwenda nyuma, dirishani, akaota jua. Mkuu alisimama mlangoni, akawahesabu watoto, akamkazia mwalimu macho. Somo lilianza, likaenda kama maji. Swali, jibu. Swali, jibu. Mkaguzi akapenga kamasi, akafunga kalamu.

"Sasa nauliza mimi," alisema kwa Kiingereza. "Nje kuna nini?"

Kiranja akasimama kwa ukakamavu. "Baba yangu ni mkulima."

"Nje ya dirisha, nasema."

"Napenda maziwa," mwenzake akamwokoa.

Mkuu akajifuta jasho la shingo. Kila mtoto alibaki na jibu lake moja mkononi, lisilo na swali.

Kufuli hakuwa na jibu. Hakuna aliyewahi kuhangaika kumpa. Alikuwa na maneno aliyoyaokota mwenyewe, moja moja, miaka miwili ya kukaa kimya. Akanyoosha mkono, akasema kwa Kiingereza, polepole, akilipima kila neno kabla ya kulikanyaga:

"Kuna mtu. Anafagia uwanja. Uwanja mkubwa. Hakuna anayemsaidia."

Watu wote wakageuka kumtazama mfagizi, hata mkuu.

Mkaguzi alimuuliza jina, akalitafuta kwenye orodha. "Hapa umeandikwa mgonjwa."

"Nimepona," alisema Kufuli.

"Wangapi wengine wamepona?"

Mikono sita ikapanda.

Mkaguzi hakutabasamu. Fomu yake ilikuwa na vijisanduku viwili tu, sahihi na kosa, na makosa yalihesabiwa, shule ikashushwa daraja. Maneno ya Kufuli aliyaandika pembeni, kwa herufi ndogo, mahali ambapo pengine hakuna atakayesoma.

"Umenivua nguo mbele za watu," mkuu alimwambia mwalimu baada ya gari kuondoka.

"Na barua yangu?"

"Barua itasubiri." Akaingia ofisini, akafunga mlango.

Mwalimu alimaliza vipindi vyake vyote, kisha akabeba kiti na madaftari, akaketi mbele ya mlango ule. Aliogopa, lakini kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana kifua kilikuwa chepesi. Watoto walipita kwenda nyumbani. Kufuli, ambaye kama wenzake alishasikia kwamba kibali cha mwalimu kinakwisha kesho, alisimama, akauliza kwa Kiingereza, swali lake la kwanza maishani katika lugha ile:

"Jumatatu utakuja?"

"Nitakuja. Na insha yako niikute mezani."

Karani hufunga saa tisa kamili, mvua inyeshe jua liwake. Siku hiyo saa tisa ilipita. Alitoka chumbani kwake na kalamu ya wino na mhuri wa shule, akaviweka juu ya madaftari, akavuta kiti cha pili.

"Mama, utapata matatizo."

"Wale saba niliwaandika mimi kwa mkono wangu," alisema, akikaza uzi wa miwani. "Sogea kidogo. Ofisi hii ina mlango mmoja tu, tuone atatokea wapi."