Kipaumbele cha Tisa

Jumamosi ya kwanza ya Mei, saa nne asubuhi, Janelle Raasch alipanda vidato vitatu vya ngazi ya mbao mbele ya nyumba ya Bi. Ardis Lindahl, kiwanja namba kumi na nne, Pine Hollow. Kwa mkono mmoja alishika fomu za kutafutia sahihi za wadhamini, kwa mwingine sahani ya keki. Keki aliinunua dukani akaihamishia kwenye sahani ya kwao ili ionekane ameioka.

Bi. Ardis alikuwa mpishi wa shule ya msingi kwa miaka thelathini na mmoja. Nusu ya mji ilikua kwa viazi vyake, Janelle akiwamo. Alimfungulia mlango, akaitazama keki kabla hajamtazama mgeni.

"Ya dukani hiyo?"

"Ya dukani, Bi. Ardis."

"Nilijua. Kata, tule."

Walikunywa kahawa iliyochemshwa kwa maji ya chupa, maana ya bomba yalitoka na rangi ya chai. Nyumba ilikuwa ya Bi. Ardis, ya mabati na mbao nyepesi, iliyoletwa hapo kwa kuvutwa na lori mwaka aliofiwa na mumewe. Ardhi haikuwa yake. Kama Pine Hollow yote, ilikuwa ya kampuni ya jimbo jingine, na kampuni ilikuwa inatafuta mnunuzi. Nyumba kama hizo huitwa za kuhamishika, lakini yeyote aliyewahi kujaribu kuihamisha moja anajua kwamba huvunjika mgongo kabla ya kufika barabarani.

Janelle alikuwa anagombea Bunge la jimbo la Wisconsin. Aligeuza fomu moja akaandika nyuma yake mambo tisa atakayoyapigania. La kwanza lilikuwa sheria ya kuzuia ardhi wanayokodi watu kama wa Pine Hollow isiuzwe chini ya miguu yao kabla wenyewe hawajapewa nafasi ya kuinunua kwa pamoja.

"Liandike juu kabisa," alisema Bi. Ardis. "Nilione kwa macho yangu."

"Nimeliandika. Hili hapa."

"Basi nipe hizo fomu."

Bi. Ardis alikuwa na goti la chuma. Kwa siku mbili alizunguka nalo Pine Hollow yote na maegesho ya kanisa, akarudi na sahihi mia moja na arobaini. Pasipo sahihi hizo jina la Janelle lisingefika kwenye karatasi ya kura, na Janelle aliwaambia watu hivyo kila alikokwenda. Wakati huo bado alikuwa anapenda kulitaja jina la Bi. Ardis.

Julai kadi za kampeni, zenye orodha ya yale mambo tisa, zilikwenda kuchapwa. Tobin Krause, aliyekuwa akiiongoza kampeni, alikuja na matokeo ya kura ya maoni. Tobin hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana mpole aliyekula karoti mbichi siku nzima na kuamini majedwali. Jedwali lilisema watu wa jimbo la uchaguzi walijali kwanza shule, kisha zahanati za vijijini. Janelle naye alizijali, tena kwa moyo wote. Kwa hiyo shule ikawa ya kwanza, zahanati ya pili, Pine Hollow ya tatu.

Jioni ile ile nyumba ya Bi. Ardis ilizama vidato viwili. Haikupasuka, haikuinama. Ilishuka taratibu, na udongo ukaipokea.

Bi. Ardis alimpigia simu kumjulisha. "Goti langu linashukuru. Ngazi imebaki kidato kimoja tu. Umenishusha hadi wapi?"

"Ya tatu, Bi. Ardis. Ni kwa kadi tu."

"Haya. Mradi nimo."

Janelle alikata simu, akakaa garini kwa muda na haya ikimchoma masikioni. Alipomweleza Tobin, Tobin alichukua futi ya kupimia wakaenda wote. Jirani mmoja, Verlyn, alikuwa tayari anachimba mfereji wa maji ya mvua kuzunguka nyumba. Tobin alipima, akaandika kwenye jedwali lake: inchi saba kwa kila nafasi.

"Angalau sasa tunajua," alisema.

Agosti barabara na usafi wa ziwa zilipandishwa kwenye orodha. Pine Hollow ikawa ya tano. Kizingiti cha mlango kilikuwa sawa na nyasi, na sungura walianza kuingia jikoni. Mkaguzi wa majengo alifika, akabandika notisi iliyosema kwamba nyumba yenye mlango usawa wa ardhi inahitaji kibali, na kibali hicho hutolewa kwa mwenye ardhi peke yake. Bi. Ardis aliibandua notisi, akaitumia kuwafukuzia sungura.

Ijumaa moja ya Septemba kulikuwa na samaki wa kukaanga kwenye ukumbi wa kanisa, na wagombea walipewa dakika tatu tatu kati ya samaki na kitindamlo. Janelle alisimama na kadi yake mkononi. Kwenye meza ya nyuma alimwona Bi. Ardis akitoa miiba kwenye samaki wa mtu mwingine, mzee asiyeona vizuri. Janelle aliiweka kadi mezani. Alizungumza kuhusu Pine Hollow dakika zote tatu, hakugusa jambo jingine, na sauti ilimtetemeka kwa sababu alikuwa anasema kweli.

Asubuhi yake Bi. Ardis alipiga simu tena.

"Mwanangu, umefanya nini? Vidato vyote vitatu vipo nje. Nimevifagia."

Janelle alicheka mpaka machozi. Kwa saa tatu za siku ile alijiona mtu.

Saa saba Tobin alifika. Familia kumi na mbili za kando ya ziwa zilikuwa zimeng'oa mabango ya Janelle kwenye nyasi zao na kuyarudisha ofisini, yamepangwa vizuri, pamoja na barua ya adabu. Ziliunga mkono haki kwa wote. Ziliogopa tu kwamba mambo ya Pine Hollow yangeleta mgawanyiko. Tobin alionyesha jedwali. Katika Pine Hollow yenyewe waliozoea kupiga kura walikuwa wachache, kiasi kwamba orodha ya milango ya kubishiwa hodi iliwaruka wote isipokuwa Bi. Ardis na Verlyn.

"Ukishindwa, hutamsaidia yeyote," Tobin alisema. "Ukishinda, utaweza kurudi kwa Bi. Ardis."

"Na akizama kabisa?"

"Mpaka Novemba tu."

Ilikuwa hoja nzuri. Tobin hakubonyeza chochote, na hilo Janelle alilikumbuka vizuri baadaye kila alipotaka kumlaumu. Alimsogezea tu kompyuta yenye ile orodha, akaendelea kula karoti. Janelle ndiye aliyeshika mstari wa Pine Hollow na kuuvuta chini, ukapita barabara, ukapita ziwa, ukapita maktaba, mpaka mahali pa tisa.

Nyasi zilifika usawa wa madirisha. Bi. Ardis alianza kutoka kwa dirisha la jikoni, akitanguliza goti la chuma. Hakupiga simu safari hiyo. Janelle alipomkuta dukani kwenye foleni ya maziwa, alijitia hamnazo, akasoma maelezo ya pakiti ya siagi mstari kwa mstari.

"Siagi ni siagi, Janelle," alisema Bi. Ardis nyuma yake. "Hata chini huko kuna mwanga wa kutosha, usijali. Nimo bado?"

"Umo. Ya tisa."

"Basi sawa."

Afadhali angemtukana.

Katikati ya Oktoba kadi ya mwisho ilihitaji picha. Picha ya Janelle na mbwa ilipendwa kuliko ahadi yoyote. Mbwa alikuwa wa dada yake. Ili mbwa aenee vizuri pamoja na masikio, ilibidi mstari mmoja utoke, na watu wote wa ofisini waliutazama mstari wa mwisho. Janelle alisema, "Sawa." Alilisema kwa sauti ndogo, lakini alilisema.

Nyumba ilizama yote. Likabaki bomba la moshi, urefu wa mkono, katikati ya nyasi. Mtu wa posta alizoea haraka: alizikunja barua na kuziangusha ndani. Verlyn alishusha supu kwa kamba. Bi. Ardis alipiga kura kwa bahasha, akaipandisha kwa kamba hiyo hiyo, na Janelle alishinda kwa kura mia mbili na tatu.

Siku ya pili yake alikwenda kushukuru. Alipiga magoti kwenye nyasi zenye barafu, akainama juu ya bomba. Kahawa ilinukia kutoka chini. Alikuwa ameandaa maneno ya kuomba radhi, lakini alipofungua kinywa alijisikia akisema kwamba familia zenye kufanya kazi zinastahili mustakabali bora.

"Sikusikii vizuri," Bi. Ardis alisema. "Lakini asante kwa kupita. Hawapiti wengi."

Bungeni Janelle alifanya kazi. Shule zilipata walimu. Muswada wa Pine Hollow aliuandika kwa mkono wake, ukapelekwa kamati ambayo haikukutana. Machi kampuni iliiuza ardhi kwa kampuni nyingine, na kampuni hiyo, ilipokuta kiwanja namba kumi na nne kiko wazi, iliweka juu yake nyumba mpya ya maonyesho yenye baraza nyeupe. Fundi alilipinda bomba la moshi likatokea pembeni, kwa kuwa lilikuwa linapitisha moshi na hakuona sababu ya kuliziba.

Mei walimwalika mheshimiwa kuizindua. Makazi nafuu, bila kuitaja Pine Hollow, yalikuwa kipaumbele chake cha pili sasa, na kukataa kungeleta maswali. Alisimama mbele ya utepe wa buluu akiwa na mkasi mkubwa, Tobin pembeni, watu arobaini hivi kwenye viti vya kukunja. Alizungumza dakika tatu. Alipomaliza, sauti ilitoka bombani karibu na kiatu chake.

"Ni Janelle huyo?"

Watu walitabasamu. Wote walimfahamu, wote walikula viazi vyake.

"Ni mimi, Bi. Ardis."

"Sisi ni wa ngapi sasa, mwanangu?"

Janelle alitazama mkasi. Uso ulimwaka mpaka shingoni. Angeweza kusema nambari yoyote, na kila mmoja pale, na hata yeye, alijua kingetokea nini kwa ile nyumba mpya akisema ya kwanza.

"Bado tunapanga," alisema.

"Haya. Kata basi, usiwachoshe watu."

Alikata. Watu walipiga makofi, na chini ya miguu yao Bi. Ardis, ambaye siku zote alikuwa mtu wa adabu, alipiga pia.