Pamba Isiyongoja Mvua

Vumbi la Nyamuswa, nifunike. Lori la pamba likipita, mimi hujitosa ndani ya wingu lako, mtoto mgongoni, mtoto mkononi, ili wanawake wa kisimani wasinione. Ee Bwana, wewe unaniona.

Wa mkononi ni Magige. Aliachishwa ziwa kabla hajasimama, maana Boke, huyu wa mgongoni, alikuwa amekwisha kuingia tumboni. Miguu yake ni mabua ya mtama baada ya mavuno. "Mama Magige," huniita kisimani, "huyu si umembemenda!" Kubemenda: kumharibu anayenyonya kwa mimba ya mwingine. Neno jepesi mdomoni mwao, zito kichwani mwangu kuliko mtungi.

Nilikwenda kwenye kisomo cha jioni ili niisome Zaburi. Mwalimu Hyasinta akaandika ubaoni: uzazi wa majira. Nikasoma herufi kwa herufi, nikafurahi. Majira nayajua, ya kupanda, ya kupalilia, ya kuchuma. Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, ni pamba hiyo?"

Mzee Ryoba akacheka mpaka akashika benchi. "Pamba yako wewe, Mama Magige, haingojagi mvua!"

Darasa zima likacheka. Nikainamisha uso. Ee Bwana, unaniona.

Mwalimu akaeleza taratibu: dawa ipo kliniki, Bunda, ili mama apumzike kati ya mtoto na mtoto. Nikaenda. Nesi akauliza, "Mume wako anajua?" Sikuwa nimemwambia. Nikarudi mikono mitupu.

Nikaomba, nikaomba tena, maana kumwambia mume neno kama hilo ni kuvua nguo sokoni. Hata ardhi, Bwana, uliiagiza ipumzike. Mimi ni udongo gani?

Nikamkuta Machage akipalilia. "Baba Magige," nikasema, macho yangu kwenye jembe lake, "Boke bado ananyonya. Akija mwingine sasa, na huyu hatatembea. Naomba nipumzike. Twende wote Bunda."

Akamtazama Magige, aliyekuwa akitambaa kati ya matuta.

"Hata mimi wananichekaga kilabuni," akasema.

Kumbe aibu hii tulikuwa tukiilalia wawili, kila mtu upande wake.

Akamketisha Magige mabegani. Tukapita kisimani mchana kweupe, tukielekea Bunda. Wakatutazama, uso ukaniwaka moto. Lori halikupita. Vumbi lilikuwa la nyayo zetu tu, halikupanda hata magotini, wala sikuliomba linifunike.