Barafu ya Mama Beldina

Kwenye skrini ya Nasike, barafu ilikuwa imefika. Kwenye simu, Mama Beldina alikuwa akifoka kwamba hajaona hata tone.

"Nasike, nyathina, mwanangu, samaki yangu inaharibika na wewe unaniambia imefika! Imefika wapi? Nawapa mpaka Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Mkichelewa hiyo siku, mimi na wamama wangu tunatafuta watu wengine."

Nasike aliumia. Yeye ndiye aliyeishawishi kampuni yao ya kusambaza barafu huko Kisumu itumie programu ya kupanga safari za malori, inayoendeshwa kwenye kompyuta za mbali huko mtandaoni na kujifunza kutokana na safari zilizopita: mvua, foleni, siku za soko. Programu ilishikilia kwamba lori likitoka saa kumi na mbili, saa moja na nusu liko ufukoni Nyakach. Mama Beldina alishikilia kwamba saa tatu bado anakodoa macho barabarani. Mmoja wao alikuwa anadanganya, na Mama Beldina hakuwa na sababu ya kudanganya.

Kesho yake Nasike akapanda lori pamoja na dereva, Wechuli. Walipofika Katito, kwenye njia panda ya Kendu Bay, Wechuli aliegesha, akaagiza chai, akatoa simu na kubonyeza "Nimefika".

"Wechuli! Tumefika wapi?"

"Si ni hapo tu, Madam. Sisi wote tunabonyeza hapa. Huko chini network inapotea. Na ukishaona Katito, umefika. Hata bibi yangu, nikiwa Ahero namwambia niko kwa mlango."

Nasike alitaka kumrukia, akaishia kucheka. Juzi tu alikuwa amemwambia mama yake yuko njiani, naye bado anatafuta viatu. Kumbe madereva wote walibonyeza Katito, na mashine, kama mwanafunzi mtiifu, ikameza uongo wao wote.

"Kuanzia leo unabonyeza Mama Beldina akishapokea barafu. Simu itaweka saa, itatuma ukirudi kwa mtandao."

"Na meneja akiona nachelewa kila siku? Si atanifuta?"

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Nasike alimwendea meneja, Bwana Dishon, akamwomba asimwadhibu dereva yeyote kwa wiki tatu. Ukweli ulipoanza kuingia, skrini ikawa nyekundu tupu kwa safari zilizochelewa. Dishon akashika kichwa.

"Hii kitu yako inatuaibisha. Naizima."

"Tulikuwa tunachelewa hivi hivi, Bwana Dishon. Tofauti ni kwamba sasa tunaona. Nipe mpaka Ijumaa ya Mama Beldina."

Alhamisi, siku moja kabla, programu ikatoa hesabu mpya: kesho ni siku ya soko, lori litoke saa kumi na nusu alfajiri. Dishon alinung'unika, lakini aliruhusu. Nasike akapanda tena. Katito waliipita bila chai.

Saa moja na nusu kamili walikuwa ufukoni. Hapakuwa na mama hata mmoja. Mashua ndiyo kwanza zilikuwa zinakaribia, na Wechuli akaanza kutazama huku na huku kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

Ndipo Mama Beldina akatokea mbio, leso imemlegea kiunoni, beseni tupu mkononi.

"Nisameheni, watoto wangu," alisema akihema. "Nilidhani hamjafika. Leo mimi ndio nimewachelewesha."

Nasike alitaka kumjibu, machozi yakamtangulia.