Magogo Chini ya Mbao

Utomvu uliniruka mdomoni mkuu wangu wa kazi alipogonga gogo la tatu. Ulikuwa mwekundu, mzito, mchungu. Nilitema palepale, mbele za watu, mimi ambaye hata kupiga chafya hadharani huona haya.

Nilikuwa na miezi minne kazini, ofisa misitu kwenye kizuizi cha barabarani. Lori lile lilifika mchana, kibali chake kikisema mbao za mkaratusi. Nilipanda, nikafunua turubai, nikasogeza mbao za juu. Chini yake yalilala magogo ya mti uliokatazwa kukatwa, mabichi bado, hayana alama ya ukaguzi hata moja.

Sheria iliniruhusu kulizuia gari papo hapo. Ofisa yeyote aliye zamuni anaweza, haombi ruhusa kwa mtu. Chuoni nilikiandika kifungu hicho kwenye mtihani bila kukosea hata nukta. Lakini dereva alikuwa mtu mzima, mwenye mvi, na alinitazama kana kwamba nimempekulia chumba cha kulala.

"Subiri kidogo, baba," nikasema. "Nimwite mkuu."

Hapo ndipo nilipoharibu.

Mkuu alitoka na nyundo ya serikali, ile inayoacha alama kwenye gogo lililokaguliwa msituni.

"Shemeji, umemtisha mtoto wangu," akamwambia dereva, wakacheka. Akapanda, akaanza kugonga, gogo baada ya gogo, jasho likimchuruzika mpaka ndani ya kola.

"Mkuu, kibali kinasema mkaratusi."

"Kilisema. Lete kalamu, binti."

Nikampa yangu. Tena nikamshikia kibali kisipeperuke alipokuwa akibadilisha jina la mti.

Lori lilipoondoka nilikwenda bombani nikasukutua, nikasugua ulimi kwa leso. Uchungu haukutoka. Ofisini mkuu alikuwa akila ndizi, vidole bado vyekundu, akaniuliza kama nitakula.

Saa kumi alipita mzee akikokota baiskeli, mbao nne zimefungwa nyuma kwa mpira. Kibali hana.

"Mwanangu, ni za mlango wa choo tu."

Nilimsomea kifungu, taratibu, kwa adabu. Nikamfungulia mpira, nikashusha mbao, nikamwandikia hati ya kukamata kwa mwandiko mzuri ulionyooka.

Huyo sikumwitia mkuu.