Mawe ya Chini kwa Abdulazizi

Fundi Mwishehe alikuwa akichimba shimo la choo uani kwa Bi Shufaa, Mji Mkongwe wa Bagamoyo, ardhi ilipomeza mtaimbo wake, kisha ikammeza na yeye. Hakuumia popote ila makalio.

"Bi Shufaa, huku kuna njia!" alipiga kelele kutoka chini. "Mtu anapita kwa kuinama!"

Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulijaa uani. Twalib, anayetembeza watalii, alishaanza kuhutubia: handaki la Wajerumani hilo, na dhahabu lazima imo. Bi Shufaa, mjane wa miaka sabini asiyevumilia upuuzi, akajifunga kanga kibwebwe, akashuka ngazi na tochi. Akazipapasa kuta zenye alama za tindo. Aliporudi juu alikuwa akicheka mpaka machozi.

"Dhahabu gani? Hili ni chimbo la mawe la baba wa babu yangu. Marehemu alikuwa mwizi, Mungu amrehemu. Alichimba matumbawe chini ya nyumba ya jirani yake, kisha akamuuzia jirani huyo huyo ajengee ghorofa. Kwetu tulisimuliwa, tukadhani uzushi."

Watu wakamgeukia Abdulazizi, mwenye ghorofa hilo sasa, bwana wa kanzu iliyonyooka ambaye siku haipiti hajautaja ukoo wake.

"Kama liko chini ya nyumba yangu, basi ni langu," alisema. "Watalii watapitia mlangoni kwangu."

"Chukua, mwanangu," Bi Shufaa alimjibu. "Mwenyekiti wa mtaa huyu hapa, na aandike."

Mwenyekiti akaandika, Abdulazizi akatia saini kwa madaha. Ndipo Mwishehe akauliza kwa adabu, "Samahani mzee, ule ufa wa sebuleni kwako, unaoonekana dirishani, ulianza lini?"

Abdulazizi akaenda kuangalia. Alirudi amevua kofia, jasho linamtoka.

"Mwenye shimo ndiye mwenye kulijaza," mwenyekiti alimwambia, "na mvua ziko njiani."

Kifusi kilianza kuletwa kwa malori kutoka Mapinga. Bi Shufaa alimwonea huruma Abdulazizi, si sana. Aliona fahari zaidi kwa yule baba wa babu yake, akaona haya kwa hilo. Kabla chimbo halijafukiwa, alimwomba Mwishehe amtolee jiwe moja lenye alama za tindo, akaliweka kibarazani.

Abdulazizi akaja kulidai. Alimkuta Bi Shufaa amelikalia, anachambua mchele.

"Shikamoo, Bi Shufaa. Jiwe hilo ni mali yangu."

"Marahaba," alijibu, wala hakuinuka.