Kundusi na Ndimu za Yaqdhan

Mimi mtu akinionesha kitu nisichokijua, hapumziki mpaka nimemaliza maswali. Kwa hiyo siku ile Wijdan, binti wa kaka yangu, alipotuonesha kwenye simu yake mnyama anayejenga bwawa kwa meno, nilimpokonya simu nikaitazama picha upya, na wageni wakisubiri zamu yao.

Tulikuwa nyumbani kwangu Mawaleh, huku Oman, wanawake wa mtaa, kahawa na halwa mbele yetu. Wijdan kasoma Uingereza, na sasa anafanya kazi kwenye ofisi inayoshughulikia mafuriko. Mnyama mwenyewe mnene, ana manyoya mengi na mkia bapa kama mwiko wa pilau. Waarabu humwita qundus. Mimi nikamwita kundusi, na jina likakaa. Huguguna mti mpaka ukaanguka, akauburura mtoni, akaziba matundu kwa matope. Maji yakija kwa nguvu hukuta kizuizi, hutulia, hupita kidogokidogo, na watu wa chini wakasalimika.

"Nani kamfunza?" niliuliza.

"Hajafunzwa na mtu, shangazi. Kaumbwa hivyo."

"Na mshahara nani anamlipa?"

"Hana mshahara."

"Na nyama yake, halali?" mgeni mmoja akadakia, tukacheka sote.

Wijdan akatuhadithia kwamba alipokuwa chuoni alipita nyumba kwa nyumba kuwauliza Waingereza kama wanamtaka kundusi kwenye mto wao. Mjini, maji yanakoingia majumbani, walisema aje hata kesho. Juu ya mto kulikuwa na mkulima mmoja, na bwawa lingekaa kondeni kwake. Huyo alimfungia mlango.

"Bahili huyo," nikasema. "Shamba lote lile, anawanyima wenzake kipande cha kuwekea maji." Nikaendelea hapo kwa kirefu. Nikashauri hata serikali iwalete hao kundusi kwa ndege, na wenzangu wakaitikia.

Aliyenyamaza ni Mahfoudha peke yake. Nyumba yake iko barabara ya chini, ubavuni mwa wadi, ule mto mkavu ambao mvua ikinyesha milimani hufurika kabla hujamaliza kuanua nguo. Tufani lililopita liliingia mpaka sebuleni kwake. Mama yake, ambaye miguu haimbebi tena, alipandishwa ghorofani juu ya godoro, na harufu ya tope ilikaa ukutani miezi.

Wijdan alisubiri nimalize hotuba yangu. "Kundusi hawezi joto letu, shangazi. Kazi yake tutaifanya wenyewe, kwa mawe na matawi, huku juu ya wadi. Lakini maji tukiyazuia, lazima tuyape pa kukaa."

"Wapi?"

"Kwenye shamba lako la kando ya wadi, upande wake wa chini."

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Upande ule ndiko ziliko ndimu alizozipanda Yaqdhan, marehemu mume wangu, mwaka aliostaafu. Alizimwagia maji kwa ndoo, hataki mpira, mpaka maradhi yalipomlaza. Na mndimu haupendi maji yaliyosimama, mizizi yake huoza. Wijdan hakunificha hilo. Alisema pia kwamba bila ridhaa yangu halitawekwa hata jiwe moja.

Wanawake wote wakainamia vikombe vyao. Nilikasirika. Nilimkasirikia yule mtoto, na nafsi yangu zaidi, na yule mkulima wa Uingereza nilitamani nimwombe radhi. Kundusi angekuja mwenyewe ningemlaani yakaisha. Mnyama nani atamlaumu? Lakini hapa aliyekuwa anaulizwa ni mimi.

"Mahfoudha," nikasema kwa ukali, "mbona husemi? Nyumba si yako?"

"Nseme nini, Bi Kheiria? Nikikwambia kubali, nnakuomba miti ya marehemu wako. Nikikwambia kataa, nnamsahau mama yangu. Wallahi sijui, ndiyo maana nimenyamaza."

Angenibembeleza ningekataa. Najijua.

Asubuhi yake nilikwenda shambani na Wijdan. Nilimuuliza kwa nini isiwe upande wa juu, maji yatakaa siku ngapi, kama haiwezekani kuchimba mfereji, kama miti mikubwa huhamishika. Alinijibu yote, na hakuna jibu hata moja lililonifaa.

"Zitakufa zote?"

"Huenda, shangazi. Siwezi kukuahidi."

"Basi wekeni," nikasema, nikageukia upande wa pili kwa sababu nilikuwa nalia.

Mvua ilikuja. Maji yaliteremka mekundu kwa udongo, yakagonga mawe, yakatambaa yakaingia shambani kwangu na kukaa. Nyumbani kwa Mahfoudha hayakufika hata kizingitini. Siku ile simu yangu haikutulia. Kundi la mtaa kwenye WhatsApp lilijaa picha za kundusi, wamemvika kanzu na kilemba, wanamuombea dua na umri mrefu, mnyama ambaye hajapata kuikanyaga Oman. Nilicheka kwa kweli. Hakuna aliyezitaja ndimu.

Maji yalipokauka majani yalianza kupiga manjano, kisha yakapukutika. Nilikuwa nimesimama katikati ya miti ile, sijui nianzie wapi, nilipomwona Mahfoudha anakuja, viatu mkononi, tope mpaka kwenye muundi. Nilijua amekuja kunishukuru, na sikutaka kushukuriwa.

Hakunishukuru. Aliitazama miti, mmoja baada ya mwingine.

"Upi aliupanda mwanzo?" aliuliza.

Nikamshika mkono, tukauendea.