Msalaba wa Uzi Mwekundu

Jumatatu, tarehe 17 Machi 2025. Mvua iliyopiga mabati ya Mpanda usiku kucha ilikatika alfajiri, ikaacha matope mekundu na baridi ya kupenya mifupa. Marselina alipanda ngazi za mahakama, rozari mkononi, midomo ikitembea bila sauti.

Alikuwa na duka la vitenge karibu na soko. Kila mzigo mpya ulipofika alishona msalaba mdogo wa uzi mwekundu kwenye pindo la kila kitenge, akimwombea heri atakayekivaa. Wateja walimtania. Yeye alishona tu.

Mwezi uliopita, Aline, mwanamke wa Mishamo, makazi ya wakimbizi mbali na mji, aliyeleta maharage mjini, aliingia dukani kujikinga mvua, mtoto mgongoni ndani ya kanga iliyochanika. Marselina alipogeuka kumhudumia mteja mwingine, Aline alitoka na kitenge kipya, ameshakifanya mbeleko. Marselina alimfukuza hadi kijiwe cha bodaboda.

"Vua! Mwizi wewe, vua watu wakuone!"

"Mama, mtoto analowa. Ningekirudisha."

"Ungekirudisha kutoka Mishamo?"

Vijana waliangua kicheko. "Mama Marselina, mvue na gauni, huenda nalo ni la kwako!"

Marselina alilifungua fundo kwa mikono yake. Mtoto aliporomoka, Aline akamdaka akiwa amepiga magoti matopeni. Hakuna aliyeinama kumsaidia. Na Marselina, Mungu amrehemu, alijisikia vizuri. Ushindi ulimshuka kifuani kama chai ya tangawizi.

Alitaka Aline alale kituo cha polisi akome, basi. Lakini ukishautupa moto kwenye nyasi kavu, haukuulizi tena uende wapi. Aline alikosa wa kumdhamini, akapelekwa mahabusu na mwanawe. Marselina alipokwenda kuifuta kesi, aliambiwa si yake tena. Ni ya Jamhuri; yeye ni shahidi.

Sasa mwendesha mashtaka alimvuta pembeni barazani.

"Mama, vitenge vyenye ua kama la kitenge chako vimejaa sokoni, na mshtakiwa anasema alikinunua kwa mmachinga. Wale vijana waliocheka, leo hakuna mwenye nafasi ya kuja. Msalaba wako ndio kesi yenyewe."

"Na nikisema siutambui?"

"Utakuwa umeapa, mama. Uongo wa kiapo nao una kifungo chake."

"Yeye atafungwa?"

"Hilo ni la hakimu. Kwa wizi, sheria inaruhusu hata miaka saba." Alifunga jalada lake. "Mtoto bado ananyonya. Ataingia naye."

Ndani, Aline alikuwa amesimama kizimbani, mashavu yamebonyea. Mtoto alikohoa kikohozi kikavu kifuani pake. Aline alimtazama Marselina mara moja tu, na macho yale hayakuomba kitu. Hilo ndilo lililomchoma. Kama Aline angemlaani, angejua pa kusimama.

Kitenge kilitandikwa juu ya meza, pindo limegeuzwa, uzi mwekundu ukionekana na kila mtu. Marselina aliikumbuka jioni aliyoushona, kibatari kikiyumba kwa umeme kukatika. Heri kwa atakayekivaa. Aline alikuwa amekivaa. Katika sala ile hakuwahi kuweka sharti kwamba awe amelipa.

Karani alimpa Biblia. "Apa kwa sauti, shahidi. Wote wasikie."

Rozari ilimponyoka ikaanguka sakafuni. Hakuiokota.

"Mimi, Marselina," alianza. Mtoto alikohoa tena. Hakimu aliinua kalamu, akangoja. "Naapa mbele za Mungu, na mbele yenu nyie wote, kwamba nitasema kweli tupu." Kisha akaongeza maneno yasiyokuwamo katika kiapo. "Kweli yote. Ya uzi huu, na ya mikono yangu siku ile. Ee Mungu, nisaidie."